Naomba ushauri: waridi wangu hautoi mizizi, ni homoni au hewa?

Habari zenu wakuu. Nina kitalu kidogo cha waridi nyuma ya nyumba. Mwezi uliopita nilichomeka vipande 40 vya matawi kwenye viriba. Vilivyotoa mizizi havifiki 10. Vingi vimekuwa vyeusi chini na kuoza.

Nimeshauriwa ninunue unga wa homoni. Kabla sijatoa hela, nikafukua daftari langu la baiolojia. Oksini, homoni ya mmea inayochochea mizizi na ndiyo huwa kwenye unga huo, hutengenezwa zaidi kwenye ncha na majani machanga, kisha hushuka seli kwa seli, kama sentimita 1 kwa saa. Wala haivutwi na uzito: ukichomeka kipande kichwa chini, bado huelekea kule kulikokuwa chini awali. (Kimoja nilikigeuza kwa bahati mbaya, kikachungulia mizizi juu, chini ya nailoni. Nilicheka sana.)

Safari hiyo inakula nguvu. Seli hutumia ATP (nishati yake) kusukuma protoni (chembe za hidrojeni zenye chaji chanya) nje, ukuta wake unakuwa na uasidi, oksini inapenya. Ikishaingia hupoteza protoni na kunaswa, mpaka ipitie protini za kuitoa zilizopangwa upande wa chini. Oksijeni ikikosekana, ATP hupungua na safari huzorota.

Sasa udongo wangu ni mfinyanzi mtupu, namwagilia asubuhi na jioni, na majani niliyanyonyoa yote. Kosa langu kubwa ni lipi hapo? Mliofanikiwa mnachanganya mchanga kiasi gani, na mnabakiza majani mangapi? Na huo unga utasaidia kweli kama chini hakuna hewa?