Mrejesho: Musi wa Alaska, nyama imefika nyumbani salama

Wakuu habari zenu, mwezi wa nane niliwauliza, mimi na shemeji tukiangusha musi, yule kulungu mkubwa wa huku Alaska, nyama tutaitoaje porini bila kuharibika. Mkaniambia nisimpige akiwa mbali na mto.

Basi kindege kilitushusha kwenye mchanga wa mto, na kwa kuwa sheria hairuhusu kuwinda siku ileile uliyoruka, siku hiyo tukavua samoni tu. Siku ya tano asubuhi, baridi kali, dume akatoka vichakani, tukamkagua kwa darubini mpaka macho yakauma maana eneo lile pembe lazima zifike upana wa inchi 50. Zilifika. Nikapiga, akalala kama mita 300 toka mtoni.

Jamani mita 300! Paja moja la nyuma likikaa mgongoni magoti yanatetemeka, na chini ni matope yanayomeza buti, tumebeba mpaka giza, shemeji anaimba kwa nguvu ili dubu watusikie mapema. Pembe tukabeba mwisho kama sheria inavyotaka. Nyama tuliitundika kivulini kwenye mifuko ya kitambaa, upepo ukapita, ikajifunga ngozi kavu juu, ndani nyekundu safi, hata nzi mmoja hakutaga.

Friza imejaa, majirani wamepata, mama watoto jana kaipika na nazi. Yule aliyesisitiza kitambaa na sio nailoni, ubarikiwe sana ndugu yangu, umetuokolea nyama yote.