Locomotion imenivunja moyo, narudi vipi kwenye ile ya zamani? Ushauri wakuu

Ziwa_Kuu (mleta mada)
Wakuu, habari za majukumu. Mimi ni mtu wa Transport Tycoon, gemu ya kompyuta ya kujenga reli na kuendesha usafiri, tangu kidato cha pili. Ile ya Chris Sawyer ya 1994, kisha Deluxe. Kuna kipindi nikifumba macho naona taa za reli zikibadilika rangi.

Juzi nikaipata Locomotion, aliyoitoa yeye mwenyewe 2004. Nikajua huu ndio muendelezo wenyewe. Nina siku tisa sijalala vizuri. Reli zinapinda vizuri, tramu zipo, lakini gemu haina pumzi. Mpinzani wa kompyuta anatandaza reli juu ya reli mpaka mji unakuwa kama sufuria ya tambi, na mabasi yake yanaziba barabara yote. Treni zikizeeka zinazimika njiani kila mara, hata nikizipeleka karakana.

Kuna namna ya kuirekebisha? Nahitaji jibu kabla ya Jumamosi.

KondaMstaafu
Umenikumbusha mbali kijana. Ofisini kwetu kulikuwa na kompyuta moja, bosi akienda kula tunafungua Deluxe. Nilikuwa na treni za makaa ya mawe, kutoka mgodini mpaka mtambo wa umeme. Siku moja nikakosea kuweka ishara, treni mbili zikasimama pua kwa pua, kila moja inasubiri mwenzake apishe. Bosi karudi, nimeinama nahangaika na treni zangu, yeye kasimama nyuma yangu. Hiyo Locomotion sijawahi kuicheza.

ChumaMboga
Watu wanakosa usingizi kwa treni za kwenye kioo, mimi nimesubiri daladala Buzuruga saa nzima 😂

Binti_Stesheni
Chagua ramani isiyo na wapinzani, nusu ya kero itaisha. Lakini kwa nini Jumamosi?

Ziwa_Kuu
Kuna shughuli kidogo tu mkuu.

Binti_Stesheni
Shughuli gani? Ukificha ugonjwa hatuwezi kukupa dawa.

Ziwa_Kuu
Haya. Nina banda la gemu, kompyuta nane. Nimetangaza mashindano ya Locomotion. Vijana 14 wamelipa kiingilio 5,000 kila mmoja. Kwenye hiyo 70,000 nimeshatoa 52,000 kununua swichi na nyaya za kuunganisha mashine. Nimekuja kugundua wiki hii kwamba inachezwa na watu wawili tu kwa mtandao.

Mama Doreen
Mwanangu, hela ya mtoto wa mtu haiguswi kabla kazi haijafanyika. Wengine hapo wameruka chai ya asubuhi ili walipe. Warudishie.

Binti_Stesheni
Kumbe tatizo lilikuwa hapa. Weka OpenTTD. Ni ile Transport Tycoon Deluxe uliyoizoea, imejengwa upya na watu wa kujitolea. Ya bure, na tangu toleo la 1.0 la 2010 huhitaji mafaili ya gemu ya zamani. Inapokea mpaka watu 255 kwenye mchezo mmoja, na kompyuta chakavu inaibeba. Hizo swichi hazijapotea.

Ziwa_Kuu
Naelewa, lakini bango nimeshachapisha, limeandikwa Locomotion kwa herufi kubwa. Nafikiria mtoano, wawili wawili. Mbona ngumi zinapigwa wawili wawili na watu wanajaa ukumbini?

Binti_Stesheni
Ngumi zinaisha usiku huohuo. Mchezo mmoja wa reli unaweza kula siku nzima. Vijana 14 watamaliza lini?

Nyundo_Kavu
Ngojeni kwanza. Hii ni CHAI. Rudini juu mkasome: "hata nikizipeleka karakana". Locomotion haina karakana! Unanunua gari, unaliweka moja kwa moja juu ya reli. Huyu hajawahi kuifungua. Kesho atatuma namba ya simu tumchangie.

ChumaMboga
Duh. Nakaa pale, mwenye karanga azungushe.

KondaMstaafu
Nami niliona siku tisa ni nyingi, nikanyamaza.

Ziwa_Kuu
Sijaomba hata senti, na sitaomba. Karakana nimekosea kuandika, ni mkono wa Deluxe. Kule kila njia unaiwekea karakana, treni inaingia yenyewe kuhudumiwa. Huku siku ya kwanza niliitafuta saa mbili nzima, nikafungua kila dirisha, haipo. Treni ikichoka naisimamisha, nainyanyua relini, nauza injini, naunga mpya, nairudisha relini. Moja moja. Jana usiku nimefanya hivyo kwa treni 23, nafika ya mwisho za mwanzo zinaanza tena kutoa moshi. Ndicho kinachoniuma. Mtu yuleyule aliyetupa mtandao unaojihudumia, huku kanifanya fundi wa zamu. Picha nimeambatisha, mwaka wa gemu 1957, oneni foleni ya mabasi pale darajani.

Nyundo_Kavu
Nimeiona. Neno chai nalifuta, samahani mkuu. Kuhusu mtoano naungana na Binti_Stesheni.

Mama Doreen
Na mimi nabaki kwenye hela za watoto.

Ziwa_Kuu
Mrejesho. Nimewapigia wote 14. Watatu wamesema walilipia Locomotion, hawataki kingine, leo jioni nawarudishia 15,000 yao. Kumi na mmoja wamekubali OpenTTD. Mmoja alikuja palepale, nikamwekea, kwa nusu saa ameshavusha mbao mtoni na karakana kajenga mwenyewe bila kuambiwa. Bango nitabandika karatasi juu ya jina.

Binti, bandani sina intaneti. Inawezekana?

Binti_Stesheni
Inawezekana, swichi inatosha. Mashine moja ianzishe mchezo wa wengi, nyingine zijiunge kwa anwani yake ya mtandao wa ndani. Hakikisha zote zina toleo lilelile, likitofautiana haziingii. Jaribu Ijumaa usiku, usisubiri vijana wamesimama mlangoni.