Video za mihadhara naelewa nikiziangalia, mtihani wa nyuma unanishinda. Intaneti niitumieje?

Mama Pacha aliuliza:

Habari wakuu. Niko mwaka wa pili wa shahada kwa elimu ya masafa. Mchana kazini, usiku nasoma watoto wakishalala. Chuo kimetuwekea kila kitu kwenye Moodle, mfumo wa kusomea mtandaoni: video za mihadhara, moduli za PDF, maswali ya kujipima, na jukwaa la maswali ambalo haliingii mtu. Video naangalia mpaka mwisho na mhadhiri namwelewa vizuri. Siku chache zikipita nikishika mtihani wa nyuma, kalamu haisogei. Sasa hivi nimekwama kwenye takwimu, hasa pale kwenye variansi ya sampuli (kipimo cha namba zilivyotawanyika) jumla inapogawanywa kwa n−1 badala ya n, yaani idadi ya namba. Kundi letu la WhatsApp ni kubwa mno, ukiuliza jambo la maana linafunikwa na salamu na matangazo. Mtandao wangu nao unakatika. Naomba waliopita njia hii au wanaofundisha wanisaidie.

Mkufunzi alijibu:

Mama Pacha, pole na hongera. Kufika mwaka wa pili kwa kusoma usiku si jambo dogo.

Nafundisha wanafunzi wa masafa na swali hili nalipata kila muhula. Kusoma ukiwa mbali kulikuwepo zamani kabla ya intaneti. Chuo Kikuu cha London kilianza kutoa shahada kwa watahiniwa wa mbali mwaka 1858. Open University ya Uingereza ilipopokea wanafunzi wa kwanza mwaka 1971, masomo yalikwenda kwa posta, redio na televisheni. Vitabu watu walikuwa navyo. Taabu ilikuwa kusubiri: unatuma kazi, inarudi imesahihishwa wakati umeshasahau ulikuwa unawaza nini. Intaneti imekuja kuondoa kusubiri huko. Mwanafunzi anayeitumia kuangalia video tu anaiacha faida yake kubwa kuliko zote.

Kuhusu kusahau: mwaka 2006 watafiti wa saikolojia Roediger na Karpicke walichapisha jaribio ambalo huwa nawasimulia wanafunzi wangu wote. Kundi moja lilisoma kifungu kwa vipindi vinne. Jingine lilisoma kipindi kimoja tu, kisha vipindi vitatu likajaribu kuandika lilichokumbuka bila kutazama. Dakika tano baadaye waliorudia kusoma ndio waliongoza. Baada ya wiki moja, hao waliorudia kusoma walikumbuka asilimia 40, na waliojipima asilimia 61. Ndiyo maana video ikiisha unajiona umeiva. Simamisha kila baada ya dakika chache, geuza simu, andika kwa mkono kilichosemwa, ndipo uendelee. Na yale maswali ya kujipima ya Moodle yafanye kabla ya kurudia video.

Kuhusu jukwaa kukosa watu: nikikuta “sielewi sura ya 4” sina pa kuanzia. Andika hivi: “Kwenye mfano wa 2, 4 na 6, mhadhiri amegawanya kwa 2. Mimi nimegawanya kwa 3 kwa sababu namba ni tatu. Kwa nini si sahihi?” Weka na picha ya hesabu yako. Swali kama hilo nalijibu hata nikiwa kwenye foleni.

Tena nakujibu hapahapa. Wastani wa 2, 4 na 6 ni 4. Chukua tofauti ya kila namba na 4, zipandishe kipeo cha pili, jumlisha: unapata 8. Sasa tuseme wastani halisi wa jamii nzima ni 5. Rudia hesabu, unapata 11. Jaribu namba nyingine yoyote badala ya 4, hutapata jumla iliyo chini ya 8. Wastani wa sampuli umetokana na namba hizohizo, kwa hiyo zinaonekana zimekaribiana kuliko zilivyo kweli. Kugawanya kwa n−1 kunafidia kilichopungua.

Fundi Umeme alijibu:

Nilimaliza kwa masafa. La mtandao kukatika: programu ya Moodle ya simu inakuruhusu kupakua masomo ukayatumia bila mtandao, chuo kikiwa kimeiruhusu. Pakua mtandao ukiwa mzuri, halafu uzime kabisa unaposoma.

Lile kundi kubwa libakie la matangazo. Sisi tulijitenga watu wanne, tukapanga simu ya sauti tu kila Jumapili, bila video kwa sababu ndiyo inayokula mtandao. Kila mmoja alipewa mada ya kuwaeleza wenzake, na ukibabaika wanakuuliza hapohapo. Kwa mazoezi ya ziada, tazama MIT OpenCourseWare, tovuti ya masomo ya chuo cha MIT cha Marekani. Ni bure, na kozi nyingi zina maswali pamoja na majibu yake.

Mama Pacha:

Mkufunzi, n−1 nimeiona leo, asante sana! Wenzangu wengi wanauliza akili mnemba badala ya jukwaa. Inafaa?

Mkufunzi:

Inafaa ukiibana. Iambie ikutungie maswali ya variansi, ifiche majibu, na isikupe hatua inayofuata mpaka uandike yako. Ikikutatulia yote umerudi kuwa mtazamaji. Hesabu zake zihakiki kwa moduli. Marejeo inayokutajia usiyaandike kwenye kazi ya chuo kabla hujayafungua mwenyewe, maana huwa inataja makala ambazo hazipo. Kabla ya yote soma kanuni za chuo chako, vingine haviruhusu kabisa kwenye kazi zenye alama.

Na lile swali la n−1 lipeleke kwenye jukwaa lenu pamoja na hesabu yako. Nina hakika si wewe peke yako uliyekwama pale.