Nakataaje mialiko ya baa bila kuwaudhi wateja? Naomba ushauri

Wakuu, habari zenu. Mimi ni Mtanzania, nafundisha kuteleza kwenye theluji hapa St. Anton, Austria. Msimu wa pili huu.

Kila Jumatatu napokea wageni wapya: asubuhi watoto, mchana wazazi wao. Nawafundisha kubana ncha za skii (vile vibao virefu vya kutelezea) mbele na kutanua nyuma, kama kipande cha pizza, ili wapunguze mwendo. Ijumaa wanashuka wenyewe. Furaha ya hapo siwezi kuieleza.

Shida ni jioni. Saa kumi tu baa za mlimani muziki juu, watu wanacheza juu ya meza na mabuti yao mazito, halafu wanateremka kijijini kwa skii giza likiingia. Wazazi wananivuta twende wote, na bakshishi nyingi hutokea huko huko. Wiki iliyopita nililala saa nane usiku. Asubuhi mtoto wa miaka sita akaanguka, nikachelewa kumfikia, miguu mizito. Hakuumia, ila alivyokuwa ananitazama bado kunanisumbua.

Mliowahi kufanya kazi za utalii, mnakataaje mteja anapong'ang'ania? Na bosi nimwambie lililotokea?