Moto unazima kabla ya mavuno, mavuno yakija kichwa kinavimba: mnajishikaje?

Kijana_Uyole

Wakuu, habari za humu. Niko Uyole, Mbeya. Nina ekari 2 za kukodi upande wa Isyonje, viazi mviringo, napanda Novemba navuna Machi. Mchana niko kwenye kibanda cha vifaa vya simu Mwanjelwa. Lengo ni kumiliki shamba langu na kufungua duka la pembejeo ndani ya miaka mitano.

Tatizo lina sura mbili. Desemba na Januari ari inaisha kabisa, kazi naifanya kwa kujivuta. Machi nikiuza vizuri nageuka bosi: ofa, simu mpya, ahadi kwa ndugu, na kufika Septemba naanza kukopa. Sitaki maneno ya "amini ndoto zako". Nataka utaratibu. Mnafanyaje ili mtu asikate tamaa chini wala asilewe juu?

Mnyalukolo_Kilolo

Kamwene mkuu. Kabla ya kuitafuta ari, tazama kalenda yako. Hela inaingia Machi. Kazi nzito inaangukia Desemba na Januari: kupandishia udongo, kupiga dawa, na mvua haikatiki. Januari hiyohiyo shule zinafunguliwa, sare na madaftari yanataka hela, na kibandani wateja wamepungua kwa sababu na wao wamekaukiwa. Yaani unadaiwa nguvu nyingi zaidi katika mwezi ambao mfuko ni mtupu. Nani asingelegea? Hilo ni pengo la mzunguko wa fedha, na video za wahamasishaji haziwezi kuliziba.

Pili, unajipima kwa kitu usichokishika. Bei ya gunia inaamuliwa na wingi wa malori yaliyoingia Dar siku hiyo, na mzigo unaovuka Tunduma, na barabara ya huko kwenu kama inapitika. Tena viazi vya Machi unaving'oa udongo ukiwa na maji, havikai, kwa hiyo dalali anajua kabisa huwezi kusubiri. Ukiifunga heshima yako kwenye bei hiyo, ikishuka unajiona si lolote, ikipanda unajiona una akili kuliko kijiji kizima. Sura zako mbili zina chanzo kimoja.

Chukua daftari la kurasa kubwa. Ukurasa wa kushoto kazi, wa kulia hela, na usivichanganye. Kushoto andika yale tu ambayo jioni mtu mwingine anaweza kwenda shambani akayaona kwa macho. "Kuongeza juhudi" haionekani, ifute. "Kupandishia udongo mistari 20 kuanzia upande wa mto" inaonekana. Kwa viazi mambo yenyewe unayajua: nafasi ya sentimita 75 kati ya mistari na 30 kati ya mashina, kupandishia udongo mmea ukifika sentimita 15 hadi 20, dawa ya kinga ya bakajani (ugonjwa wa ukungu wa majani) kila siku 7 hadi 10 wakati wa mvua na baridi, kabla doa halijaonekana, na kukagua mnyauko kila wiki, shina lililonyauka ghafla unalikata na kulining'iniza kwenye glasi ya maji safi. Ukiona uzi mweupe kama maziwa unashuka, huo ni mnyauko wa bakteria. Ng'oa shina na viazi vyake vyote, utoe nje ya shamba.

Kazi za wiki zisizidi tatu. Watu wanaandika kumi na mbili Jumatatu kwa sababu Jumatatu kila mtu shujaa, wanamaliza nne, halafu Jumapili daftari linawasuta mpaka wanalificha. Jumapili jioni tenga dakika 20, simu ikiwa chumba kingine. Tia alama iliyofanyika, na isiyofanyika andika kilichoizuia kwa maneno matano au sita: "mvua", "pampu iliziba", "sikuamka". Ukifika mwezi utaona sababu moja inajirudia. Pambana na hiyo, ziache nyingine.

Kila kazi iwe na njia ya pili iliyoamuliwa mapema: "Mvua ikinyesha asubuhi ya siku ya dawa, nitapiga saa tisa alasiri majani yakikauka, ikiendelea hadi jioni, nitapiga kesho yake kabla ya kufungua kibanda." Uamuzi unaofanywa huku umelowa na umechoka karibu kila mara ni "tutaona kesho".

Mama_Pembejeo

Mwanangu, aliyetangulia amesema vizuri upande wa kazi. Mimi naingia ukurasa wa kulia, maana hapo ndipo kichwa kinapovimba.

Kosa la Machi ni kuiona hela yote kama faida. Tufanye hesabu ya mfano, bei utaweka za kwako. Tuseme ekari 2 zimetoa magunia 80, umeuza 60,000 kwa gunia: 4,800,000. Kabla hujanunua hata soda, toa msimu ujao. Mbegu magunia 8 kwa ekari, jumla 16 kwa 70,000: 1,120,000. Mbolea mifuko 6 kwa 80,000: 480,000. Dawa 200,000. Kodi ya shamba 200,000. Vibarua wa kulima, kupanda, kupandishia na kuvuna 600,000. Hapo imeondoka 2,600,000. Imebaki 2,200,000, na hiyo ndiyo hela yako ya mwaka mzima. Jilipe 140,000 kila mwezi kwa miezi 12, ni 1,680,000. Zimebaki 520,000. Ndani ya hizo ndimo mna simu mpya, harusi za watu, misiba na raha zako.

Unaona jinsi milioni nne na laki nane zilivyogeuka laki tano na ishirini? Mtu akiiandika hesabu hii kwa mkono wake jioni ya siku ya kuuza, ubosi unakatika wenyewe. Ila iandike kabla ya kutoka kwenda kusherehekea. Kesho yake ni kuchelewa.

Ubaya mwingine: fungu la msimu likikaa kwenye simu moja na hela ya matumizi, litaliwa tu, hata uwe mcha Mungu namna gani. Liweke sehemu ambayo kulitoa kunataka nauli na foleni: akaunti ya benki isiyo na kadi, au SACCOS. Mshahara wako ndio uje kwenye simu, tarehe moja kila mwezi. Na usiuze kwa lumbesa ukadhani umepata mteja mzuri. Gunia halitakiwi kuzidi kilo 100, na ule ujazo wa juu unaoshonewa kilemba unautoa bure. Ukimkubalia dalali lumbesa kwenye magunia 80, umemwachia pengine hela ya vibarua wako wote.

Mwl_Tukuyu

Niongeze kuhusu hizo video. Gabriele Oettingen, mwanasaikolojia Mjerumani, amechunguza kwa miaka mingi watu wanaojipa raha ya kuwaza mafanikio yao. Katika utafiti mmoja aliochapisha na mwenzake mwaka 2002, wahitimu waliojaza kichwa kwa picha tamu za kazi watakayopata walijikuta, miaka miwili baadaye, wametuma maombi machache, wamepata nafasi chache na mishahara midogo kuliko wenzao. Maelezo yake ni kwamba akili ikishaonja ushindi inalegeza mwili, kama vile kazi imeisha. Anachoshauri ni kuliwaza lengo kidogo, kisha papo hapo kukitaja kizuizi kikubwa kilichoko ndani yako mwenyewe. Kwako wewe, kwa ulivyoeleza, ni Machi. Duka la pembejeo unalolitaka linazuiwa na mikono yako ya mwezi wa tatu kuliko na mvua.

Halafu tenganisha uchovu na kukata tamaa, maana dawa zake ni mbali mbali. Uchovu unapungua ukilala vizuri kwa siku tatu nne. Kupiga dawa alfajiri, kibanda hadi saa mbili usiku, kisha simu mpaka saa sita: huyo hajakosa ari, hajalala. Kwa baridi ya milima ya Uporoto ongeza na nguo za mvua na buti. Mtu aliyelowa tangu asubuhi hawezi kupenda kazi yake. Lakini kama huzuni, usingizi kuvurugika, chakula kutolika na kukosa hamu hata ya vitu ulivyokuwa unavipenda vimekaa wiki mbili mfululizo, achana na madaftari. Nenda kituo cha afya au hospitali, waeleze hivyo hivyo bila kuona aibu.

Na komoni (pombe ya kienyeji) ya jioni "ili niondoe mawazo" haiondoi kitu. Unalala fofofo lakini usingizi wenyewe unakatika alfajiri, na kesho yake ile kazi moja kati ya tatu inakufa.

Katibu_Kikoba

Wote mmeongelea mtu na daftari lake. Daftari halina mdomo. Mtu anayejisimamia peke yake akianza kujidanganya hakuna wa kumwambia.

Tafuta mtu mmoja, asiwe mdeni wako, asiwe anayekula kwako, na asiwe mshindani kibandani. Kila mwisho wa mwezi mwonyeshe kurasa zote mbili. Mpe ruhusa mapema ya kukuuliza maswali mawili tu: fungu la msimu liko pale pale? Kazi gani umeiruka mara mbili mfululizo? Ukimchagua rafiki wa kukusifia, umepoteza muda wa watu wawili.

Kikoba nacho kinasaidia kwa sababu kina siku ya kukutana na kina macho ya watu. Kununua hisa kila wiki kunakuzoesha kuweka kidogo hata Januari. Vikundi vingi vinakopesha hadi mara tatu ya hisa zako, na hapo pana mtego: kopa kwa jambo linalorudisha hela kabla ya marejesho kuanza. Mkopo wa Novemba wa kununua mbolea, huku marejesho yanaanza Desemba na viazi vinatoka Machi, utarejeshwa kwa mtaji wa kibanda. Mikopo ya kausha damu, ile ya riba kali, usiisogelee kabisa, hata kwa siku tatu.

Michango. Huwezi kuishi Mbeya ukakataa michango ya harusi na misiba, utabaki peke yako siku ya kwako. Weka kiwango cha mwaka, kiandike, na kikiisha sema "mwaka huu nimefika mwisho, nitakuja kusaidia kazi". Kwenda kupika, kuchota maji au kubeba viti ni mchango unaokumbukwa. Kwa ndugu, usitoe ahadi siku ya kuuza. Jibu liwe moja kwa wote: "Nitakujibu baada ya Jumapili." Wengi hawarudi kuuliza, na anayerudi mara nyingi ana shida ya kweli.

Na zile picha za magunia barabarani kwenye status, ziache. Zinaita wakopaji kabla hujalipwa, na zinakulazimisha uendelee kuonekana tajiri hadi Desemba.

Kijana_Uyole

Ndaga fijo wakuu. Hesabu ya Mama nimeifanya kwa bei zangu, nimebaki kimya. Maswali mawili. Nikiruka wiki moja ya daftari, ndiyo basi? Na fungu la mbegu, kuanzia Machi hadi Novemba ni miezi minane, naogopa kulikalia.

Mnyalukolo_Kilolo

La kwanza: hapana. Phillippa Lally na wenzake wa University College London walifuatilia watu 96 wakijenga mazoea madogo ya kila siku, utafiti ulitoka 2010. Wastani ulikuwa siku 66 mpaka jambo lijifanye lenyewe, lakini wengine ilikadiriwa siku 18 na wengine 254, na kuruka siku moja hakukuharibu mwendo. Kwa hiyo usianze upya kwa kishindo wala usijaze wiki iliyopita kwa kubuni. Fungua ukurasa mpya, endelea.

Mama_Pembejeo

La pili nalijibu mimi. Usilikalie kama hela, ligeuze kuwa vitu kwa awamu. Hakikisha usajili wako wa mkulima uko sawa mapema ili usikose mbolea ya ruzuku, ununue kabla foleni hazijaanza, uiweke juu ya chaga, mbali na ukuta na unyevu. Dawa nunua Oktoba baada ya kusoma tarehe ya kuisha muda. Mbegu usinunue Machi. Kiazi kikivunwa kinapumzika kama miezi miwili hadi mitatu kabla ya kuchipua, na kikikaa sana kinatoa machipukizi marefu dhaifu. Kwa kupanda Novemba unataka mbegu iliyovunwa Julai au Agosti. Nenda kwa mzalishaji shamba likiwa bado kijani, kagua mnyauko kwa ile glasi ya maji, lipa sehemu kwa maandishi, na nyingine siku ya kuchukua. Ukishaipokea itandaze kwenye chaga yenye mwanga hafifu na hewa, isizidi tabaka mbili tatu, machipukizi yawe mafupi na manene. Usiiache ndani ya magunia hata kama chumba ni kidogo.

Kijana_Uyole

Chaga mbili nina mbao zake tayari. Je, chini ya uvungu wa kitanda panafaa kwa magunia machache?

Mama_Pembejeo

Hapafai, pana giza. Yatachipua kama nyuzi.