Naomba ushauri: kikao cha wazazi kuhusu programu ya wanafunzi wenye vipaji

Wakuu, habari zenu. Mimi ni mwalimu, na wiki ijayo naitambulisha kwa wazazi programu yetu ya wanafunzi wenye vipaji, wa miaka 11 hadi 14. Kueleza kazi yenyewe si shida: mtoto anachimba zaidi somo analolipenda, harundikiwi mazoezi. Hata ile hoja ya 1978 ya Joseph Renzulli, mwanasaikolojia wa elimu wa Marekani, kwamba kipaji ni uwezo, ubunifu na kujituma vikikutana, naimudu. Kinachoninyima usingizi ni mzazi atakayesimama na kuuliza, "Wangu mbona hayumo?" (Atakayetoka pale akitamba, huyo namwogopa zaidi.) Neno "kipaji" nilitumie au niliache? Mliowahi kuendesha kikao kama hiki, mlianzaje?