Keshia wa dola amenidhalilisha mbele ya foleni, nami sinyamazi

Waungwana, nimefika nyumbani sasa hivi na mikono ingali inatetemeka. Duka lenyewe la kubadilishia fedha, hapa Mombasa, silitaji, kwa kuwa kila aliyewahi kushuka melini na dola mfukoni anamjua yule kijana wa dirisha la pili, anayewatazama wateja kana kwamba wamekuja kumkopa.

"Babu, hizi dola zilikuwa chini ya godoro?" Ndivyo alivyoniuliza, kwa sauti iliyofika Marikiti, na foleni nzima ikacheka.

Mimi nimetandika magodoro ya watalii miezi tisa katika meli ya abiria, na bakshishi ya mtumishi wa vyumba haiji kwa noti za mia. Huja noti ya tano, ya kumi au ya ishirini, imeachwa chini ya kikombe asubuhi mgeni anaposhuka. Nilikuwa na dola 850 za namna hiyo, nimezipanga nyuso zote zikitazama upande mmoja, nikazifunga kwa mpira. Yeye akaufungua ule mpira, akazipekua kama mtu anayechagua mchele, akatoa moja ya ishirini yenye mkunjo, akaiinua kwenye taa kwa muda ambao ningevuka feri kwenda na kurudi, kisha akanisukumia kwa ncha ya ukucha. Ndipo likaja hilo la godoro.

Ubao ulio juu ya kichwa chake ulionyesha kwamba wananunua dola kwa shilingi 128. Yeye akanihesabia kwa 119, akisema noti ndogo zina bei yake, ingawa bei hiyo haikuandikwa popote. Hizo ni shilingi 7,650 zilizopotea baina ya ubao na dirisha, nami nilikuwa nimeshazipigia hesabu ya mabati ya jiko la mama. Nilipomweleza kwamba serikali ya Marekani inazitambua noti zake zote zilizotolewa tangu 1914, ndogo kwa kubwa, mpya kwa kuukuu, alimgeukia mwenzake akasema, "Za godoro." Mara ya pili, waungwana! Nikazikusanya dola zangu nikatoka. Shilingi nitazitafuta, lakini neno hilo la godoro nitalala nalo.

Mwana wa Mtongwe: Pole sana, ami. Huyo huyo aliniambia kuwa noti yangu ya hamsini imechoka. Noti itachokaje, ilhali mimi niliyeitafuta sijapumzika?

Muuza Vitenge: Ndugu yangu, usinikasirikie, lakini miaka yote hiyo baharini hujajua kuuliza bei kabla ya kufungua bunda? Sisi tunaofuata mzigo Dubai tunataka noti za mia za toleo jipya, kwa hiyo duka likinunua za kumi hukaa nazo kwenye sefu bila mnunuzi.

Mwenye uzi: Niulize nini na ubao uko machoni pangu? Na godoro, je, nalo limo katika bei ya noti ndogo?

Dada wa Kisauni: Angalau wewe umerudi na dola zako. Mimi Januari 2024, dola ilipopita shilingi 160, niliizuia akiba yangu yote kwa sababu mji mzima uliapa kwamba itapanda zaidi, na kufikia mwisho wa Machi ilikuwa imeshuka hadi 130 na kitu. Nikamlilie nani?

Mkaazi wa Lunga Lunga: Nyote mnalia na dola. Njooni mpakani muone shilingi ya Tanzania, ambako mwenye bunda mkononi hukupa bei moja asubuhi unapokwenda Horohoro, na jioni unaporudi na chenji hukupa nyingine ambayo hata yeye huona haya kuitamka.

Muuza Vitenge: Bei ya kununua na ya kuuza hazijawahi kulingana popote, ila hapo mpakani wamezidisha. Subiri ubadilishie Tanga mjini.

Mkaazi wa Lunga Lunga: Na hiyo nauli ya kunifikisha Tanga nitailipa kwa pesa gani?